Jina Lililomwagikia Moyoni

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wa kale, na wakaishia hapo hapo. Hawakusema kibaba kikishajaa na mtu akaendelea kumimina kunatokea nini, kwa sababu wao walimimina mchele, na mchele ukimwagika kuku wapo. Kazija binti Mbaruku kazi yake ilikuwa kumimina herufi. Herufi zikimwagika haziendi kwa kuku. Zinaingia nyumba ya jirani na kuketi juu ya vitu vyake.

Asubuhi hiyo jirani alikuwa moyo wa mtu aliyekwisha kuzikwa. Mlezi wake alikuwa juu ya meza ya Kazija, mdogo kama kokwa ya tende, ametolewa kifuani kwa ridhaa ya wanawe kabla maiti haijaoshwa. Kazija alimwekea kioo cha kusomea, na vyumba vya kumbukumbu yake vikajipanga mbele ya macho yake, kimoja baada ya kingine, kila chumba na namba yake.

Kisiwani Pemba siku hizo hapakuwa na ukoo usio na mtu mwenye mlezi. Miaka ya joto kali ilikuwa imechosha mioyo ya watu, ikavimba na kulegea, na ndipo walezi wakabuniwa, vifaa vidogo vya kuupigisha moyo. Mlezi hana betri. Anakula joto la damu ya mwenyewe, na joto hilo ni dogo mno, kwa hiyo akili yake nayo ni ndogo. Programu kubwa kubwa zenye walinzi na wakaguzi ndani yake zingemuua kwa njaa. Ilibidi aandikiwe kwa mkono, chumba kwa chumba, kama walivyoandika mababu wa kompyuta, na anayeandika ndiye mlinzi, hakuna mwingine. Kazija, wa kliniki ya Mvinjeni, alikuwa mlinzi wa walezi wote wa kisiwa.

"Umeona kitu?"

Aliyeuliza alikuwa Dakta Ngwilizi, mkuu wa kliniki, Msambaa mrefu aliyekaa Pemba muda wa kutosha kujifunza kula pweza bila kukunja uso. Alisimama mlangoni kama mtu anayeogopa kuingia.

"Nimeona, Dakta. Njoo utazame. Jina limemwagika."

Akaja, akainama juu ya kioo. Kazija akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Vyumba ishirini vya mwanzo vilitengwa kwa jina la mwenyewe, herufi moja chumba kimoja, bila kuacha nafasi kati ya jina na jina ili kubana matumizi. Ishirini ni nyingi kwa mtu wa majina matatu, na aliyemchora mlezi wa kwanza alikotoka watu wana majina matatu. Baada ya vyumba hivyo, ukuta kwa ukuta, linaanza jedwali la mapigo: vyumba thelathini na viwili, na kila kimoja kina namba inayomwambia mlezi asubiri kiasi gani kabla hajaugusa moyo tena.

"Na huu ndio mstari unaonakili jina," Kazija akasema. "Unasema: chukua herufi, iweke, songa mbele, chukua nyingine, mpaka ukutane na sifuri. Sifuri ndiyo alama ya kuwa jina limekwisha."

"Na chumba cha ishirini kikijaa kabla ya sifuri?"

"Hapo ndipo pabaya. Hausemi kitu. Unaendelea tu."

Dakta Ngwilizi akavuta kiti. Wote wawili walijua kilichofuata, ila kukijua ni jambo moja na kukitazama ni jingine. Kliniki ilikuwa imechoshwa na akina Ali Juma Hamadi. Walikuwa wengi kupita kiasi, na wawili kati yao wakapewa kila mmoja dawa ya mwenzake kwa makosa. Basi wauguzi wakaagizwa wawaandike wagonjwa upya, safari hii kwa jina kamili. Majina mapya yakarushwa kwenye minara, na kila mlezi akawa anachukua lake siku mwenyewe anapopita karibu.

Sasa mwambie Mpemba ataje jina kamili uone. Mzee Ussi wa Kijichame, ambaye mlezi wake ndiye huyu wa mezani, alianza na lake, akaja la babaye, la babu yake, akaendelea kupanda. Alipofika kwa babu wa sita na wa saba yuko ulimini, muuguzi Salha akatazama foleni iliyofika hadi nje, akamwambia kwa adabu zote, "Inatosha, baba." Mzee akacheka, akaishia hapo. Wiki chache baadaye alipita karibu na mnara wa sokoni akiwa na fungu la mhogo mkononi. Mlezi wake akachukua jina jipya, likajaza vyumba vyake ishirini, likavunja kwenda kwa jirani, na sifuri yake ikaangukia katikati ya jedwali la mapigo. Katika jedwali hilo sifuri ina maana yake: ndiyo amri ya daktari ya kumnyamazisha mlezi wakati wa upasuaji. Mlezi alihesabu mapigo, akafika kwenye sifuri, akanyamaza. Alitii tu.

"Salha hajala tangu juzi," Dakta Ngwilizi akasema. "Nimemwambia si yeye. Hanisikii."

"Si yeye. Kosa ni la mstari."

"Kiraka kiko tayari?"

"Tayari. Kinapima jina kwanza. Likizidi, kinachukua yanayoenea na kuacha mengine. Halafu kinarudisha jedwali la kiwandani kwa kila mlezi, ili aliyechafuka asafike."

"Basi tuma. Kuna wangapi ambao hawajapita mnarani bado?"

"Wapo. Na yeyote kati yao anaweza kwenda sokoni sasa hivi." Kazija hakugusa kitufe. "Ila kuna mlezi mmoja nataka umwone kwanza."

Aligeuza kioo. Kabla ya kutuma kiraka alikuwa amewauliza walezi wote waliokwisha kuchukua majina mapya waseme hali zao, na wote, maana majina yao yalitosha vyumbani, walijibu kwa mdundo uleule wa kiwandani, sawasawa kama saa ya ukutani, isipokuwa huyu. Mstari wake ulipita juu ya kioo na hakuna pengo lililofanana na jirani yake. Lilikuwa refu kidogo, likaja fupi, refu, fupi, refu zaidi, kisha fupi tena, bila kuchafuka, kama mtu anayetembea njia ya mawe aliyoizoea.

Dakta Ngwilizi aliondoa miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Huyu ni nani?"

"Bi Mize Faki. Wa shamba la karafuu kule juu."

"Haiwezekani. Bi Mize nilimpa mwaka mmoja. Moyo wake ulikuwa umechoka kama mfuko uliolegea mdomo, awe na mlezi au asiwe naye." Akasogea hadi pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. "Tazama unavyobana. Kazija, moyo huu umepona."

*

Gari la kliniki lilimkuta Bi Mize anachuma karafuu za matawi ya chini, na alikataa kuondoka mpaka amalize tawi. Aliingia ofisini akinukia karafuu mbichi, mama wa makamo anayeelekea uzeeni, mnene wa mikono, kanga moja kichwani na nyingine begani. Kazija alimwamkia, "Shikamoo, Bi Mize," akaitikiwa marahaba, akaulizwa mama yake hajambo, akaulizwa kaolewa au bado anangoja malaika.

"Bi Mize," Dakta Ngwilizi akasema baada ya kukaa wote, "naomba utuambie jina lako."

"Nilikwisha kusema mara moja, na yule mwana wa spitali alitaka kunikatiza. Alinikatiza mara mbili. Kwetu jina husemwa kwa pumzi moja, na ukikatizwa unaanza upya. Nikaanza upya mara mbili. Ya tatu akanyamaza."

"Kwa nini usitaje matatu tu?"

"Aliniuliza jina kamili. Angetaka nusu angesema nusu." Bi Mize alivuta pumzi, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya kawaida yake, sauti ya chini ya mtu anayepita mlango wa wenyewe: "Mize Faki Makame Hamadi Kombo Shaame Vuai Mcha Khatibu Bakari."

Kazija alikuwa ameweka kioo mbele yake, na sasa alifungua sauti ya mlezi ili mdundo usikike chumbani. Chini ya kila pigo ilitokea namba iliyoliita, na chini ya namba, herufi yake. Maana ndani ya mashine herufi ni namba tu. Herufi a ni tisini na saba, na mlezi akiikuta ndani ya jedwali hajui kama ni herufi. Anasubiri sehemu tisini na saba za mia ya sekunde, anaugusa moyo, anasonga mbele.

Jina la Bi Mize lilijaza vyumba ishirini na kuishia kwa Hamadi, barabara, hapana hata nafasi ya sindano. Kombo akavuka ukuta. Nyuma yake akaja Shaame, akaja Vuai, Mcha na Khatibu, na Bakari akajaza vyumba vya mwisho vya jedwali. Sifuri, ile sifuri iliyomuua Mzee Ussi, ikaangukia nje kabisa, katika chumba kimoja kitupu ambacho aliyechora mlezi alikisahau tu.

K. O. M. B. O. Moyo ulipiga na herufi zikapita. S. H. A. A. M. E. Kazija alizifuata kwa ncha ya kalamu. Alikuwa amesoma vyumba vya walezi miaka yote hiyo na hajapata kuona kitu cha namna hii. Mtu aliyekufa kabla ya umeme kufika kisiwani alikuwa anausukuma moyo wa kilembwe chake, herufi kwa herufi.

"Mdundo wa kiwandani unapiga kama saa," Dakta Ngwilizi alisema polepole, kama anayejieleza mwenyewe. "Na moyo mzima haupigi kama saa. Hucheza. Hurefusha kidogo, hufupisha kidogo, ndivyo unavyopumzika. Tulijua, ila tulishindwa kupata mchezo wa kuutia humu. Tulijaribu namba za kubahatisha, zikawa fujo." Alitazama herufi. "Hizi si fujo. Majina yenu, karibu kila herufi ngumu inafuatwa na irabu. Inakaza, inalegeza. Inakaza, inalegeza."

"Mnasema nini?" Bi Mize akauliza. Alikuwa hatazami kioo. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Kazija alipiga magoti mbele yake ili asiseme naye akiwa juu. "Bi Mize, unapima karafuu kwa pishi, si ndiyo?"

"Kwa pishi. Na mchele kwa kibaba."

"Kibaba cha tele au cha mfuto?"

Bi Mize alimtazama kwa furaha, maana hakutegemea msichana wa vioo ajue maneno hayo. Tele ni kile cha kurundika mpaka nafaka zinatengeneza kilima na kumwagika pembeni. Mfuto ni kile kinachopitishwa kijiti juu, kikawa sawa na ukingo. "Tele kwa mgeni," akasema. "Mfuto kwenye biashara."

"Mlezi wako alimiminiwa jina la tele. Lilipomwagika liliangukia kwenye mapigo ya moyo. Pigo unalolisikia hapo ni babu zako, kuanzia Kombo."

Bi Mize aliweka kiganja kifuani, juu ya kanga, akaangalia ukuta usio na kitu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Najua," akasema mwisho. "Nilikuwa nikilala nasikia watu wananipita. Nikadhani ni uzee."

*

Sasa ukweli wenyewe ulibidi usemwe, na Kazija ndiye aliyeusema, maana Dakta Ngwilizi alikuwa ameanza na maneno ya kuzunguka. Kiraka kikitumwa, kinakwenda kwa walezi wote. Programu ni moja na haibagui. Kitampata Bi Mize, kitalikata jina lake kwa Hamadi, kitawafuta Kombo na wenziwe, na kuurudisha mdundo wa saa, ule uliokuwa ukimuua.

"Na msipotuma?"

"Wapo watu huko nje wenye majina yaliyopita vyumba ishirini, kisha yakakatizwa njiani. Wakipita mnarani wanaweza kufa kama Mzee Ussi."

"Kuna njia nyingine," Dakta Ngwilizi akadakia. Alikuwa amesimama. "Tuna chumba cha bati, kile cha kupimia, mawimbi ya minara hayaingii. Bi Mize akae humo wakati tunatuma. Kiraka kitamkosa."

"Halafu atoke lini?" Kazija akauliza.

Dakta aligeuka kukitazama kioo. Kazija aliona anavyotaka, na wallahi naye alitaka vilevile. Alitamani kuhifadhi kile kilichokuwa kwenye kioo. Ulikuwa muujiza wa aina yake, na mkono wake ndio ungeufuta. Hata hivyo alijua anachokitazama. Kosa linaloponya bado ni kosa. Lilimponya Bi Mize kwa sababu ya herufi moja isiyozidi wala kupungua. Bakari angeitwa Bakar, au Vuai angeitwa Vua, sifuri ingeingia ndani na Bi Mize angekuwa kaburini muda mrefu. Lile lile lililomwokoa ndilo lililomuua mwenzake, mstari mmoja.

"Kunyamaza kote huku ni kwa ajili yangu?" Bi Mize akauliza. "Mmoja kwenye bati, na wengine wanakwenda sokoni?"

"Tunatafuta namna, Bi Mize."

"Ussi nilimjua. Tulicheza pamoja utotoni, mwongo mkubwa yule, Mungu amrehemu. Kafa kwa kukatizwa." Alijifunga kanga vizuri. "Siketi ndani ya bati nikasikiliza babu zangu wakati watu wanaanguka na mihogo yao. Babu Kombo atanikana. Tuma, mwanangu. Tuma sasa hivi, halafu mtafute hiyo namna yenu."

"Bi Mize, moyo wako..."

"Moyo wangu uliwahi kufanya kazi bila nyinyi. Tuma."

Kazija alimtazama mkuu wake. Dakta Ngwilizi alikuwa ameficha uso kwa viganja, na kutoka ndani ya viganja hivyo akatikisa kichwa kukubali. Kazija akabonyeza. Kiraka kiliruka kutoka mnara hadi mnara, kikawangoje walio mbali mbele ya majina yao, na juu ya kioo walezi waliokuwa karibu walianza kujibu mmoja mmoja, nimepokea, nimepokea, mpaka yule wa Bi Mize naye akajibu kama wenziwe. Herufi zilizimika. Kulibaki tiki, tiki, tiki, pengo na pengo mamoja.

Bi Mize alisikiliza kidogo. "Huyu simjui," akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

*

Walimlaza kwenye kitanda cha chumba cha pili, mlango wazi. Ilipofika adhuhuri midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Moyo uliokwisha kuzoea kutembea ulikuwa unalazimishwa kuruka kamba, na ulikuwa unachoka upesi kuliko Dakta alivyokisia.

Kazija alikuwa mezani. Alichotaka kufanya kilikuwa rahisi kukisema. Kile ambacho kosa lilikifanya kwa bahati, yeye akifanye kwa makusudi: awachukue Kombo hadi Bakari na kuwaingiza ndani ya jedwali kwa mlango wa mbele, kwa kipimo, kwa ruhusa ya mwenyewe. Dakta Ngwilizi alikuwa amekwisha kumsainisha Bi Mize kwa kidole gumba, na Bi Mize alikuwa amelalamika kwamba anajua kuandika.

Vidole vya Kazija vilianza kuandika, na vilipofika katikati akagundua vinaandika nini. Chukua herufi, iweke, songa mbele, mpaka ukutane na sifuri. Mstari ule ule. Ungefanya kazi. Herufi zilikuwa thelathini na mbili na vyumba thelathini na viwili, zingeenea, na mtu alikuwa anakufa chumba cha pili. Na ungekuwa umeingia tena kwa walezi wa kisiwa, umejificha, unamsubiri mtu wa jina refu zaidi.

Aliufuta. Pima kwanza, alijiambia, halafu mimina. Akaandika kipimo: hesabu herufi, hesabu vyumba, zikizidi usiguse kitu, rudi useme hapana. Akaendesha jaribio kwa mlezi wa Mzee Ussi aliyekuwa mezani, na mlezi akarudi akasema hapana.

Kazija alitazama neno hilo bila kuelewa. Kisha akaelewa. Sifuri. Herufi zilikuwa thelathini na mbili, lakini jina lolote huburuta sifuri yake nyuma, na sifuri nayo inataka chumba. Zamani iliangukia kwenye chumba kilichosahauliwa. Kiraka chake mwenyewe kilikuwa kimekikalia chumba hicho, na ndani yake sasa palikuwa na alama ya kiraka.

"Kata i ya mwisho," Dakta Ngwilizi akasema nyuma ya bega lake. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka mbio. "Bakar. Sifuri ikae mahali pa i."

"Sifuri haiwezi kukaa ndani ya jedwali, Dakta. Ndiyo amri ya kunyamaza."

"Basi tufanye nini? Hana muda."

Kutoka chumba cha pili ilikuja sauti ya Bi Mize, nyembamba: "Mnamkata nani huko?"

"Hakatwi mtu, Bi Mize," Kazija akajibu kwa sauti, na alipokwisha kusema akajua atakavyofanya. Kwa nini jina lihitaji sifuri nyuma? Sifuri ni ya mtu asiyejua kibaba chake kina ujazo gani, anamimina huku akitazama kama mchele umekwisha. Anayejua kipimo hahitaji alama ya mwisho. Mwanzoni mwa jedwali palikuwa na chumba cha idadi, ambacho kiwanda kilikiweka na hakuna aliyekitumia. Aliandika humo thelathini na mbili. Soma hizi tu, usitafute mwisho, mwisho unajulikana. Mfuto, kijiti juu, sawa na ukingo.

Mlezi wa mezani akasema ndiyo. Akamjaribu tena kwa jina refu zaidi, akasema hapana. Kwa fupi, ndiyo. Kazija akainuka na kioo mkononi.

"Itabidi mlezi alale ndipo nimwandikie," alimwambia Bi Mize. "Kwa muda huo utabaki peke yako na moyo wako. Kisha ataamka."

"Akiamka atanijua?"

"Akiamka atamkuta Kombo mlangoni."

Bi Mize alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi na bado vinanukia karafuu. "Laza," akasema.

Kazija akalaza. Tiki ilikatika. Dakta Ngwilizi akasimama katikati ya chumba na mikono tupu. Juu ya kioo herufi zilianza kwenda moja moja, polepole, maana mlezi hula joto la damu na damu ilikuwa inapoa. Moyo wa Bi Mize ulipiga wenyewe mara moja, kwa uzito. Ukasita. Ukapiga tena.

Ndipo Bi Mize akafungua mdomo.

"Mize," akasema. Haikuwa kwa pumzi moja. Pumzi hiyo hakuwa nayo. "Faki." Kazija aliona herufi zinafika kwa Vuai. "Makame." Mcha ameingia. Khatibu anaingia. Mkono ndani ya mkono wake ulikuwa unalegea. "Hamadi," Bi Mize akasema, na akakosa sauti, na midomo ikaendelea bila kitu.

Bakari aliketi, na i yake. Kazija akaamsha.

Pigo likaja. Likafuata jingine, refu kidogo, na jingine fupi. Kioo kikaandika k, kikaandika o, na mwanamke kitandani akavuta hewa kama aliyeibuka majini.

"Kombo," akasema.

Dakta Ngwilizi alimsogelea, machozi yamejaa kwenye miwani, akanyoosha mkono kumtuliza, kwa kuwa hakupaswa kusema, alipaswa kupumzika, na daktari yeyote angemwambia hivyo. Mkono wake uliishia hewani.

"Shaame," Bi Mize akaendelea, akipumzika baada ya kila jina. "Vuai. Mcha." Mlangoni alikuwa amesimama muuguzi Salha na trei ya dawa, midomo imemkauka, na nyuma yake palikuwa na foleni ya wagonjwa iliyoanza kuchungulia. "Khatibu."

Jina moja lilikuwa limebaki na Bi Mize alichukua muda mrefu kulifikia. Hakuna aliyemwambia inatosha.